Ofisi ya Bondeni

Mtu mmoja alikuwa na cheo, lakini hakuwa na ofisi. Jina lake Kobelo, mwenyekiti wa mtaa uliojilaza kwenye mteremko, pembeni mwa mji uliopakana na milima. Mhuri wa serikali ya mtaa aliutembeza kwenye mfuko wa koti. Mikutano ya wajumbe aliifanyia barazani kwake, mkewe akipita katikati yao na sufuria. Mwenye shida ya barua alimkuta akinyoa ndevu au akila, na barua ikagongwa mhuri juu ya meza ya chakula. Kobelo hakulalamika. Ila kila alipopita mitaa mingine akaona kibao, bendera na kiti chenye mto, moyo ulimwenda mbio kidogo, maana naye alikuwa binadamu.

Mtaa ule ulianzia juu, kando ya barabara ya lami, palipo na upepo na nyumba za matofali ya kuchoma. Uliteremka mpaka chini kabisa, mtoni, mahali palipoitwa Bondeni, penye nyumba za watu waliofika mwisho. Katikati ya mtaa lilipita korongo moja. Lilikuwa korongo la wote. Kila ua uliligusa, au ulikuwa na kijia cha kuliendea. Na wenyeji walikuwa na desturi yao, ambayo wageni waliishangaa siku za mwanzo, kisha wakaifuata. Takataka za nyumbani hazikuchomwa wala kufukiwa. Zilijazwa kwenye viroba vilivyochakaa, vikapangwa kando ya korongo, vikangoja. Mawingu yakianza kujikusanya milimani, ungewasikia akina mama wakiitana kutoka ua hadi ua: "Ipeni mvua! Ipeni mvua!" Matone ya kwanza yakianguka, viroba vinasukumwa korongoni, na mvua inaondoka navyo.

Msiwacheke. Hawakuwa wachafu, huo ndio uliokuwa usafi wao. Bibi harusi mgeni aliyeacha kiroba uani mpaka mvua ikapita alisemwa na mawifi zake mwezi mzima. Na mvua ya miaka hiyo ilikuwa na adabu. Ilinyesha leo kidogo, kesho kidogo, korongo likapanda taratibu, mto ukapokea ulichopewa. Hakuna aliyejiuliza mto nao unapeleka wapi, kama vile hakuna anayemfuata mgeni njiani baada ya kumuaga.

Kisha mvua ikabadilika tabia. Ikawa inachelewa, watu wakitazama juu, viroba vikirundikana kando ya korongo mpaka watoto wakavifanya viti. Halafu ikija, inakuja yote, mchana mmoja, mvua ya majuma mengi kwa mkupuo. Korongo halikupanda tena taratibu. Lilinguruma. Viroba vya msimu mzima viliteremka pamoja, vikaenda kuziba kalavati lililokuwa chini kabisa, na maji yakakosa pa kupita, yakageukia majumbani Bondeni. Mwaka wa kwanza watu walisema ni bahati mbaya. Mwaka uliofuata ukuta wa nyumba moja ulianguka, mbuzi wakazolewa, na bibi mmoja akaokolewa akiwa ameng'ang'ania kitanda chake.

Watu wa juu waliona huruma, tusiwanyime haki yao. Walishusha unga na nguo kuukuu. Lakini wakati wa kurudi, wakipanda na kuhema, wote walisema neno lile lile: kwani nani aliwaambia wajenge kwenye njia ya maji? Na ni kweli walijenga kwenye njia ya maji. Ila hakuna aliyejenga pale bila barua yenye mhuri, na mhuri wenyewe ni huo huo uliopita mkono kwa mkono mpaka ukafika kwenye koti la Kobelo.

Mwaka huo ndipo mji ulipoupa mtaa vifaa vya kujengea ofisi. Lori lilishusha saruji, nondo, mbao na mabati, na watu wakaja kuyagusa mabati yale kwa furaha. Kiwanja nacho kilikuwepo, kiwanja kizuri cha mtaa, juu karibu na barabara, mahali ambapo mwenyekiti angekaa dirishani akauona mji wote. Wajumbe wakakutana barazani kwa Kobelo. Aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Lukwele, mjumbe mkongwe mwenye sauti nzito, ambaye akisema jambo huwa kama limekwisha pita. Alisema mawili. La kwanza, ofisi ijengwe kwenye kiwanja cha juu. La pili, mtaa uuombe mji uzibomoe nyumba zote za Bondeni kabla ya mvua nyingine, watu wasije wakafa tukalaumiwa.

"Wakishabomolewa waende wapi?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Watajua wenyewe," alisema Lukwele.

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Kobelo pia alitikisa. Macho yake yalikuwa kwenye mabati, na kichwani alishakiweka kile kiti chenye mto karibu na dirisha. Lakini aliomba jambo moja: barua isiandikwe kwanza mpaka ateremke yeye mwenyewe kuwaambia wenyewe, kwa sababu alilelewa kwamba mtu hafukuzwi kwa kutumiwa ujumbe.

Akateremka asubuhi, mvua kubwa ikiwa imenyesha juzi yake, amevaa viatu vilivyopigwa rangi. Mara ya mwisho kufika Bondeni ilikuwa wakati wa kuomba kura. Nyumba ya kwanza aliyobisha ilikuwa ya Mama Sikudhani, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua. Alimkuta anakwangua tope sebuleni kwa jembe. Alama ya maji ukutani ilipita dirisha.

"Hodi," alisema Kobelo.

"Karibu, Mwenyekiti. Usivue viatu, hakuna pa kuchafua."

Akamgeuzia ndoo, mgeni akakaa. Kobelo alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani, maneno ya pole kwanza halafu ya kubomoa, na akafungua mdomo ili ayaseme. Ndipo alipotazama nje, uani, akaona kamba ya nguo. Haikuwa imeanikwa nguo. Ilikuwa imeanikwa viroba, vimefuliwa vikatakata, vingi, na kila kimoja kilikuwa na jina.

Maana katika mtaa ule kila nyumba iliandika jina lake kwenye kiroba kwa wino mzito, ili kisipotelee kwenye mashine ya kusaga. Kiroba kilipochakaa kikageuzwa cha takataka, hakuna aliyekumbuka kwamba jina bado lipo. Kobelo akausoma mtaa wake wote kwenye kamba ile. Akamwona Lukwele. Akamwona mwalimu mkuu, akamwona mwenye duka la vifaa, akamwona shemeji yake. Na mwishoni, karibu na nguzo, akasoma KOBELO, mwandiko wa mkewe, ile K yenye mkia mrefu anayoijua.

Mama Sikudhani alifuata macho yake. Hakukasirika. Alitoka, akakitungua kile kiroba, akakikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha bakuli la jirani.

"Nyumba zote za juu nazijua kwa majina," alisema, "ingawa sijawahi kukaribishwa hata kwenye moja. Hiki chenu, Mwenyekiti. Nimekifua."

Kobelo alipokea, akasema asante, na yale maneno aliyoyapanga hayakutoka. Akaaga. Kupanda kurudi juu kulimchukua muda mrefu kuliko kawaida, kiroba kikiwa kwapani. Aliona aibu, tuseme wazi, aibu ya kumfanya mtu mzima atembee akitazama vidole vya miguu. Aliifikiria miaka yote aliyokaa barazani akigonga mihuri, huku uchafu wa nyumba yake ukiingia sebuleni kwa mtu mwingine kila mvua inyeshapo, naye hana habari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbali tu, na barazani kwake hapakuwahi kulowa. Angekuwa anakaa kule chini, hili angelijua siku ya kwanza. Wazo hilo lilimjia katikati ya mteremko, akasimama palepale, watu wakadhani amechoka.

Jioni akawaita wajumbe. Akawaambia hajawapa watu wa Bondeni ule ujumbe, na akaomba shauri la kubomoa lingoje kikao kijacho. Lakini kuhusu ofisi, alisema, ameshaamua kushauri: ijengwe Bondeni, jirani na Mama Sikudhani, mwisho kabisa.

Kisha watu wakacheka hadi kushika mbavu. Mkewe, aliyekuwa akipita na sufuria, alisimama akamuuliza mbele za watu kama ana homa. Mwenye duka la vifaa alisema ni dhambi kuitumbukiza saruji nzuri namna ile mtoni. Kobelo alingoja wamalize, akarudia maneno yale yale. Na ajabu, aliyemuunga mkono kwanza alikuwa Lukwele, meno yote nje. Uchaguzi ulikuwa karibu, naye Lukwele alipiga hesabu zake: acha aijenge, mvua itaondoka na ofisi na mwenyekiti wake kwa safari moja. Wajumbe wakapitisha, wengine kwa kuchoka, wengine kwa ushawishi wa meno yale.

Ujenzi ukaanza. Fundi alichimba msingi, akafika mahali pa kupanga mawe ya kuinua sakafu, akashangaa kuambiwa aache.

"Sakafu iwe sawa na ya jirani," alisema Kobelo.

"Mwenyekiti, ukiinua kidogo tu utakaa mkavu."

"Ndicho ninachokikwepa, fundi."

Fundi akakuna kichwa, akafanya alivyoambiwa. Hata Bondeni kwenyewe hawakumwelewa. Wapo walionong'ona kwamba hiyo ni janja ya kuwapokonya viwanja. Lakini Kobelo hakuwa mwendawazimu. Makaratasi ya serikali aliyapangia rafu ya juu kabisa, karibu na dari, kwa kuwa makaratasi hayana kosa. Kibao kikawekwa, bendera ikapandishwa, na kile kiti alichokitamani miaka yote akakileta, ila bila mto, maana mto ukilowa haukauki upesi.

Sasa, sheria ilikuwa wazi: mtaa wenye ofisi hukutania ofisini. Katika kucheka kwao wajumbe walilisahau hilo. Siku ya kikao ilipofika, wakateremka mmoja mmoja, wakishikana mikono penye utelezi, wakinung'unika. Shauri la kubomoa Bondeni lilikuwa la kwanza kwenye mazungumzo. Huko milimani mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi, na kila mjumbe, kabla ya kutoka nyumbani kwake, alikuwa ameacha maagizo ya kawaida kuhusu viroba. Nyumba ya Kobelo peke yake ndiyo haikuwa na kiroba kando ya korongo.

Lukwele alisimama kutoa hoja yake. Alieleza hatari ya Bondeni kwa ufasaha, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Alipofika kwenye neno kubomoa, mvua ikaanza. Ilipiga bati kwa kishindo mpaka akalazimika kupaza sauti, na mara hiyo ndipo ikasikika ile ngurumo nyingine, ya chini, inayotoka korongoni. Watu wa Bondeni walianza kupandisha magodoro juu ya meza. Wajumbe hawakujua wafanye nini, walikuwa hawajawahi kuwa pale saa hiyo. Maji yaliingia kwa chini ya mlango, kahawia, bila haraka, yakauzunguka mguu wa meza. Kisha mlango ukafunguka wenyewe, na yakaingia kwa nguvu, na ndani yake vikaingia maganda ya ndizi, chupa, ndala moja, na viroba. Kimoja kikaja moja kwa moja kwenye benchi la wajumbe, kikageuka, kikaonyesha jina. Kilikuwa cha Lukwele. Mwenye jina alikuwa juu ya benchi, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu yake myembamba ikitetemeka kwa baridi, ile sauti nzito haipo. Mjumbe mmoja alipendekeza kikao kiahirishwe. Wengine wakaanza kutafuta njia ya kutoka, na nje hapakuwa na njia.

Kobelo hakuinuka. Maji yalikuwa yamempita vifundo vya miguu, naye amekaa kwenye kiti chake kana kwamba yuko barazani, mikono juu ya meza.

"Kaeni, ndugu zangu," alisema. "Mjumbe tuliyekuwa tukimsubiri amefika."

Wakakaa. Walikaa majini, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Kwa mara ya kwanza katika mtaa ule, wenye kuamua na wenye kulowa walikuwa chumba kimoja, maana majirani nao walikuwa wameingia wakiwa wamebeba vyombo vyao. Mama Sikudhani alisimama mlangoni na beseni la unga kichwani. Kobelo akaisoma upya hoja ya kwanza, akauliza ni nani anayeiunga mkono. Hakuna mkono ulioinuka. Lukwele alitazama kiroba chake kilichokuwa kinaelea, akamtazama mama yule na beseni lake, akasafisha koo.

"Ifute hiyo," alisema. "Tuzungumzie viroba."

Wakazungumza mpaka maji yalipopungua, na hakuna aliyetazama saa. Waliyoyaamua hayakuwa makubwa ya kutangaziwa redioni. Kuanzia siku ile korongo lisipewe tena kitu isipokuwa maji. Kila ua uchimbe shimo lake la taka. Wa juu, ambao mvua huwafikia kwanza, wachimbe makingamaji ya kukata mteremko ili maji yatembee badala ya kukimbia, na mwenye bati aweke pipa au tangi. Kalavati lipanuliwe, na mwenyekiti aende mjini akae mlangoni kwa wakubwa mpaka saruji ipatikane. Na zile nyumba zilizo mdomoni kabisa mwa mto, ambazo hakuna kalavati litakaloziokoa, wenyewe wahame, lakini wasihamie hewani. Wapewe kile kiwanja cha juu, chenye upepo. Lukwele ndiye aliyekitaja, na wengine wakamtazama mara mbili.

Kusema ni rahisi. Kazi ndiyo iliyomtoa Kobelo jasho, na hapo ndipo mimi ninapomvulia kofia. Aliianza kwenye ua wake mwenyewe, yeye na mkewe, wakachimba shimo mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Wapo waliomfungia mlango. Wapo waliosema mvua ni ya Mungu na mwenyekiti asiingilie. Alirudi kwao kesho yake na jembe begani, akawasalimia kama kawaida. Mjini alikaa kwenye benchi la kusubiri mpaka makarani wakamzoea na kumletea chai, na saruji ikatoka. Watu walijitokeza kupanua kalavati, wa juu na wa chini, na waliopondeka vidole walipondeka pamoja. Na hata mawifi walibadilisha maneno: bibi harusi mgeni siku hizi husemwa kwa shimo lisilofunikwa.

Kobelo hakumdanganya mtu kwamba mvua itarudia adabu yake ya zamani. Alisema waziwazi kwamba huenda ikazidi, na ilizidi. Msimu mmoja ilikuja mvua ambayo wazee hawakuwa na mfano wake, ikanyesha mpaka milima ikapotea machoni. Korongo lilijaa, likapita kalavati kwa kelele, na maji yakaingia ofisini mpaka kwenye vifundo, yakatoka. Hakuna ukuta ulioanguka. Hakuna aliyezolewa. Asubuhi yake watu walisimama milangoni wakihesabiana, na walipoona wote wapo, wengine walilia, na Kobelo alikuwa mmoja wao.

Wakubwa kutoka mjini wakaja na mabuti kutazama hasara, wakaona haba. Wakasifu sana. Wakaingia ofisini, na mmoja wao, mtu msomi na mwenye nia njema, akaikanyaga sakafu iliyolowa, akashangaa. Akasema mtaa wenye akili hivi unawezaje kuweka ofisi mahali pabaya namna hii, na kwa nini hawainui sakafu ili viongozi wakae pakavu. Wajumbe wakatazamana. Aliyejibu ni Lukwele. Alimvutia mgeni kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu ukae nasi, mheshimiwa," alisema. "Mvua nyingine haiko mbali."

Basi nanyi mliokabidhiwa watu, nawauliza: maji yakija, yanapita nyumba za akina nani kabla hayajafika mezani kwenu?